Vasi la Kijani Mbele ya Wakwe

Duka lilikuwa Orange Grove, mtaa mmoja wa jiji hili la kusini mwa Afrika, kwenye ile barabara kuu ya magari ya mjini, na lilijaa mavasi ya Kiitaliano, yaani vyombo vya maua, lakini ua lenyewe halikuruhusiwa kuvuka mlango. Si bichi, si la plastiki. Mwenye duka, mjane wa Kiitaliano ambaye sote tulimwita Sinyora, aliniambia hivyo siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza natoka wapi. Mimi natoka Bujumbura, na kwetu chombo cha maua kisicho na maua ni chombo ambacho mwenyewe amekisahau. Nilimwitikia "Sawa, Sinyora," nikasema moyoni kwamba mama huyu ana walakini, lakini kazi ni kazi.

Huo ulikuwa mwaka 2015. Nilikaa Bellevue na mdogo wangu, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, kila chumba na nchi yake. Kazini nilikwenda kwa miguu. Leo duka halipo, pale wanatengeneza simu. Nikipita husimama pale kwenye robot, taa ya barabarani, hata ikiniruhusu kuvuka, na wenye haraka hunisukuma. Wasukume tu. Sinyora amesharudi kwao kwa binti yake, na kuna shukrani ambazo sikuzimaliza kumwambia. Ndizo zinazonikalisha hapa kuandika.

Kazi yangu ilikuwa kuosha. Usicheke, kuosha kioo cha Kiitaliano si kuosha sahani. Unavua pete. Unatandika taulo ndani ya sinki ili chombo kisigonge chuma. Maji yawe vuguvugu, siki kidogo, na brashi ya chupa ya mtoto kwa ajili ya shingo nyembamba. Unaosha kimoja, unakausha, unarudisha, ndipo unachukua kingine. Sinyora alikuwa ameyapanga mavasi yake kwa umri, ya kale karibu na mlango, ya karibuni kule nyuma karibu na choo. Kila wiki nilianzia mlangoni nikaishia chooni. Na kwa kuwa yeye kukaa kimya hakuwezi, alinifuata rafu kwa rafu na kigoda chake, akinisimulia. Ndivyo nilivyofundishwa historia nzima ya kitu ambacho sikuwahi kukiuliza.

Tulizungumza Kiingereza. Cha kwake kilikuwa na Kiitaliano tumboni, changu kilikuwa na Kifaransa na Kiswahili, na tulielewana kuliko wengi waliozaliwa nacho.

Alinieleza kwamba zamani mafundi wa kisiwa kile cha Venisi, kisiwa cha watu wa vioo, walikuwa wamezama katika mapambo. Mazimwi, dhahabu, maua juu ya maua. Walikuwa wanarudia kazi za mababu zao wa mababu, na kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake kwa makorombwezo. Halafu, baada ya vita kuu ya kwanza, wakaja watu wa kuchora, ambao hawakuwahi kupuliza kioo hata siku moja, wakasema: ondoeni yote. Wakachora chombo kitupu, chembamba, cha rangi moja hafifu, umbo peke yake. Mafundi walinung'unika. Sinyora aliniambia umbo tupu ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ukikosea huna ua la kuficha kosa. Hayo ndiyo yalikuwa mavasi ya rafu ya kwanza, na niliyaosha huku nimebana pumzi.

Rafu ya pili ilikuwa ya watu walioudhika na wembamba huo, wakataka kioo kiwe kinene. Wakazamisha rangi ndani ya rangi: nyekundu ndani ya njano, njano ndani ya kioo cheupe, hata unapolitazama vasi unaona jingine limekaa ndani yake. Baada ya vita ya pili ikaja furaha, na furaha ya Waitaliano ina rangi. Kuna vasi lililofinyangwa kwa umbo la kitambaa cha mkononi kilichoangushwa, kingo zake zimesimama hewani. Mdogo wangu alipoliona katika simu yangu, alisema hilo ni kitambaa cha kanisani kilichopigwa wanga sana. Nilimpelekea Sinyora maneno hayo na alicheka mpaka akashika meza.

Kisha vyombo vya udongo vya bluu kutoka Toskana, vimegongwa mihuri kama mkate wa sikukuu. Kisha plastiki: vasi unaloweza kuligeuza juu chini likawa vasi jingine. Kisha, kule chooni, miaka ya themanini, wakati wachoraji walipochoka kuwa na adabu. Hao waligandisha vipande vya kioo kwa gundi, kwa gundi kabisa, rangi za vitu vya kuchezea watoto, na mafundi wazee wakaona aibu. Sinyora aliwapenda. "Kila mara," aliniambia, "mtu anakuja kuwaambia wanaojua kwamba wanachokijua si lazima."

Mimi nilibishana naye. Nilimwambia historia yote hiyo ni ya watu waliokuwa na chombo wakakosa cha kutia ndani. Yeye alishikilia kwamba vasi la kisasa halingoji ua. Lina tundu juu, ndiyo, lakini tundu lile ni kumbukumbu tu ya kazi yake ya zamani. Nikamuuliza, sasa kama ni kumbukumbu si wangeliziba? Akaninunia hadi saa ya chai. Ubishi huu ulidumu miaka, na nakiri niliufurahia.

Palikuwa na vasi moja lisilouzwa. Lilikaa rafu ya kwanza katikati, kubwa, la mviringo, tumbo pana, mikono miwili midogo mabegani, rangi ya kijani. Kioo chake kilikuwa kimejaa viputo vidogo vidogo, povu tupu, hata huoni upande wa pili, unaona kivuli tu. Sinyora alinieleza kwamba kiputo ndani ya kioo kilikuwa kosa. Fundi aliyetoa kiputo alitupiwa kazi yake kwenye pipa. Mpaka mtu mmoja akasema, kwa nini tusitie viputo vyote kwa makusudi? Wakatia ndani ya kioo cha moto kitu cha jamii ya magadi, kioo kikachemka, wakakipuliza kikiwa bado kinachemka. Niliposikia magadi nilifurahi, nikamwambia sisi twayatia kwenye maharage. Aliyaona maharage hayana uhusiano, mimi nikaona yanao.

Vasi hilo mumewe alikuja nalo kutoka kwao, wakiwa maharusi, limefungwa ndani ya blanketi lao la harusi. Mume alifariki kabla sijafika. Wateja waliliuliza, na Sinyora alijibu "Hapana" kabla hawajamaliza. Mimi tu ndiye niliyeruhusiwa kuliosha, na hata mimi, alisimama karibu.

Sasa nije kwa mdogo wangu.

Wazazi wetu walifariki akiwa bado mtoto, na mimi ndiye niliyemlea, kwetu na njiani na huku. Alijifunza kusuka nywele, akapata kiti katika saluni moja ya Joubert Park, na mwaka 2018 akaja na kijana. Kijana mshona nguo, mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, mpole, tena ana mikono safi. Nilimpenda. Shida ilikuwa baba yake mdogo, aliyemlea. Mzee huyu aliuza vitenge palepale Joubert Park, na kwa mambo ya mila alikuwa na shingo ngumu. Alipoambiwa kuhusu posa aliuliza, "Tunaenda kuposa kwa nani? Kule ni nyumba ya kuazima." Maneno yakanifikia, maana maneno ya namna hiyo hayakosi mbebaji.

Yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Baba wa kusimama siku ya posa tulikuwa tumemwazima: mlinzi wa jengo moja, mtu wa mtaa wetu wa Bujumbura, mwenye sauti nzuri na koti. Hilo si siri wala aibu, ugenini ndivyo tunavyosaidiana, na mila inalikubali. Viti tuliazima kanisani. Turubai tuliazima kwa Wakongo wa nyumba ya pili. Ua wa nyumba tuliazimwa na wapangaji wenzetu, waliokubali kuanua nguo zao Jumamosi nzima. Nilikuwa nimechoka kusema "tafadhali." Nilitaka mdogo wangu aombwe kutoka kwenye nyumba yenye kitu chake, hata kimoja.

Na kitu hicho kilikuwa mtungi. Kwetu, wakwe wakishakubaliana, hukaa kuuzunguka mtungi mmoja wa pombe ya mtama, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanywa pamoja. Kabla ya hapo ni wageni, baada ya hapo ni ndugu. Bibi yangu alishikilia kwamba kila kitu cha sherehe chaweza kuazimwa isipokuwa mtungi, kwa sababu mtungi ndiyo nyumba yenyewe. Mzee wa vitenge aliamini vilevile, nilikuwa nimeambiwa. Sisi ni Wakatoliki, na Wakatoliki wa kwetu hawana ugomvi na mtama, kwa hiyo upande wa pombe sikuwa na wasiwasi. Kimea kinauzwa spaza, yale maduka madogo ya mtaani, wenyeji wanakipika kila wiki, nikakipika kwa mkono wa kwetu. Mirija ililetwa na msafiri kutoka Bujumbura, imefungwa ndani ya mkeka. Na mtungi tukaununua, mimi na mdogo wangu, kwenye soko la kazi za mikono: mweusi, unang'aa, tumbo zuri, umechorwa vidoto shingoni. Nilipoulipia nilijisikia mtu mwenye kwake.

Jumamosi asubuhi nilimimina pombe ili itulie kabla wageni hawajafika mchana. Nikaingia ndani kupiga pasi. Mara nikamsikia mdogo wangu.

"Dada! Njoo uone! Hii mtungi inatoa jasho nyeusi!"

Nilitoka nikakuta kitambaa cheupe cha meza kimechafuka. Mtungi ulikuwa unavuja kila upande, polepole, na weusi wake ulikuwa unashuka pamoja na pombe. Niliugusa nikanusa vidole. Rangi ya viatu. Mtungi ule haukuwahi kuchomwa ukaiva. Ulikaushwa, ukapakwa rangi ya viatu, ukang'arishwa kwa brashi, ukawekwa sokoni uwasubiri watalii wausimamishe kando ya televisheni zao. Ulikuwa pambo. Nilinunua pambo la Kiafrika, mimi niliyeosha mapambo ya Kiitaliano kwa miaka mitatu nikimcheka mwenye nayo.

Mdogo wangu alianza kulia, na hakuwa mtu wa kulia. "Baba Mdogo atasema nini? Dada, atasema si nilisema!"

"Nyamaza, utaharibu uso," nikamwambia. "Rudisha pombe kwenye ndoo. Nakuja."

Nilikwenda Orange Grove nusu nikitembea nusu nikikimbia, na kitenge changu cha sherehe nimekikunja hadi magotini. Jumamosi duka hufungwa adhuhuri. Nilimkuta Sinyora anahesabu balbu zilizoungua. Sikuwa na nia ya vasi la kijani, hilo nataka lieleweke. Niliwaza chombo chochote cha udongo, kile cha bei ndogo kuliko vyote, nikirudishe Jumatatu. Nilijua naazima kisichoazimwa, lakini pombe haiwezi kusimama hewani.

Nilimweleza yote: wakwe, mirija, jasho jeusi. Alisikiliza na miwani mkononi. Nilitegemea aseme pole. Badala yake alisimama akasema, "Twende tutazame," na tukaanza mlangoni, kama kila wiki, ila safari hii swali lilikuwa moja tu: lipi linaweza kubeba pombe ya wakwe?

Mavasi membamba ya rafu ya kwanza aliyapita bila kusimama. "Mrija mmoja ukigonga ukingo, kwisha." Yale manene yenye rangi ndani ya rangi tulilinyanyua moja, zito kweli. Nikachungulia ndani. Kioo chote kile, na nafasi ya ndani ingejaa kwa kikombe kimoja. "Huyu ni tajiri asiyealika mtu," nikasema. Kitambaa cha mkononi kilikuwa mdomo mtupu, hakina tumbo, pombe ingemwagika mtu akikohoa. Vyombo vya bluu vya Toskana vilikuwa na shingo ya mrija mmoja, na wakwe si mmoja. Kulikuwa na chungu chekundu cha miaka ya sitini chenye umbo zuri, mkono wangu ukakiendea, akanizuia. "Rangi hiyo ina sumu. Haikutengenezwa kwa kinywa." La plastiki lingetosha kwa ukubwa. Tuliligeuza hivi, tukaligeuza vile, na kila upande lilikuwa ndoo. Nikamwona Baba Mdogo akiitazama ndoo ile. Kule chooni hatukukaa. Vipande vya gundi na pombe ya mtama, hata yeye alitingisha kichwa.

Historia yote ya wachoraji wake ilikuwa imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyewafikiria wakwe zangu. Nilitaka kucheka na kulia. Nikamwambia, "Asante, Sinyora, nitaweka sufuria," nikaanza kushusha kitenge.

Sinyora alikuwa amerudi rafu ya kwanza, amesimama mbele ya vasi la kijani, mikono mgongoni.

"Wanakunywa wangapi?" akauliza.

"Hapana, Sinyora. Hilo hapana."

"Nimekuuliza wangapi."

"Wazee wa pande zote mbili, kwa zamu."

"Tumbo lake linatosha. Ukingo mnene. Halina rangi ya juu, ni kioo chenyewe." Alisema kwa sauti ileile ya kunifundisha, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Halafu akachukua ufunguo. "Nafunga. Naenda nalo mwenyewe."

Nilibeba vasi mapajani ndani ya kigari chake, limefungwa kwa koti lake la sufu, naye akaendesha hadi Bellevue taratibu mno, hata teksi zikatupigia honi zikatutukana kwa lugha zote za mtaa. Nilihisi kioo kile baridi tumboni mwangu nikamwomba Mungu asinifedheheshe.

Wageni walifika jua limeshapinda. Vasi lilikuwa mezani, kitambaa kingine, pombe ndani, mirija imesimama. Jua lilipopenya chini ya turubai, viputo vyote viliwaka na pombe ikaonekana ndani yake kivuli cha kahawia. Wapangaji walikuja kupiga picha. Sinyora alikaa kwenye kiti cha kanisa upande wetu, amepaka rangi ya mdomo, mkoba magotini, hajui neno hata moja.

Maneno yalikwenda vizuri. Mlinzi wetu alikuwa na ulimi, nao walikuwa na msemaji, wakataniana, wakanyimana, wakapeana. Baba Mdogo muda wote alitazama meza tu. Walipokaribishwa kwenye mtungi aliinuka, akaja hadi pale, akaushika begani kwa vidole viwili, akaugonga taratibu. Ukalia. Akageuka.

"Bon. Hii mtungi ni ya nani?"

Swali lilikuwa la mlinzi wetu kujibu. Kudanganya mbele ya mtungi hakuweza, ni mtu wa heshima. Kusema kweli kungekuwa kumpa mzee alichokuja kukitafuta: baba wa kuazima, viti vya kuazima, na mtungi wa kuazima juu yake. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilisimama nyuma ya viti.

Sinyora alinivuta kitenge. "Anauliza nini?"

"Anauliza mtungi ni wa nani."

Alinitazama kidogo, akamtazama mdogo wangu, kisha akasimama kwa kujisukuma kwenye viti vya watu. Akanielekeza kidole, ile namna ambayo kwetu ni utovu wa adabu na kwao sijui ni nini.

"Mwambie ni wako. Mwambie mimi hapa ni mgeni tu, nimekuja kunywa."

Nikatafsiri neno kwa neno, pamoja na lile la kunywa. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba Mdogo alimtazama mzee mwenzake wa Kiitaliano, halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua mrija wa kwanza, ambao kwa haki ulikuwa wake, akaupangusa kwa leso, akampelekea yeye.

"Basi mgeni aanze," akasema. "Nyumba hii ina desturi."

Sinyora alikunywa. Alikunja uso, mtama wetu ni mchachu, akameza, akarudia. Baada yake mzee, baada yake mlinzi wetu, mirija ikajaa mezani. Kitu ambacho hatukukifikiria ni kwamba mtungi wa udongo huficha, na kioo hakifichi. Kila mtu aliona kivuli kikishuka, na kila kiliposhuka Baba Mdogo alisema, "Dada, wakwe wanaona chini!" nami nikaja na ndoo kuongeza, huku watu wakicheka. Nilicheka nao. Sikumbuki siku nyingine ugenini niliyocheka hivyo nikiwa kwangu.

Jumapili nililiosha. Pete nimevua, taulo kwenye beseni, maji vuguvugu, siki, tena siki, kwa sababu mtama una harufu inayong'ang'ania. Sikuwa mjinga. Nilijua Sinyora alisema vile kuniokoa mbele za watu, na mtu akikufunika shuka mbele ya wageni, wageni wakishaondoka unamrudishia shuka lake. Jumatatu nilitoka mapema, vasi limefungwa ndani ya koti lile la sufu, nikalibeba kwa mikono miwili hadi Orange Grove, nikitazama kila mahali pa kukanyaga.

Nilifungua kwa ufunguo wangu nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya kwanza. Pale katikati hapakuwa na nafasi. Mavasi membamba, yale niliyoyaosha huku nimebana pumzi, yalikuwa yamesogezwa moja baada ya jingine, yamepangwa upya kwa umbali sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa rafu. Vumbi la mduara wa kitako kile kizito lilikuwa limepanguswa. Mtu ambaye hakulijua duka asingedhani kuna kitu kiliwahi kukaa pale. Sinyora alikuwa amekuja Jumapili, peke yake, akayahamisha yote bila mimi.

Alitoka nyuma na kikombe chake cha kahawa, akaniona nimesimama na mzigo kifuani.

"Umeleta nini?"

"Vasi lako, Sinyora. Nimeliosha vizuri."

Alikuja akasukuma koti pembeni, akainamisha uso mpaka mdomoni mwa chombo, akanusa. Nikaona macho yake yamejaa, na sikujua ananusa mtama au anamnusa mume.

"Unadhani mimi," akasema, "naweza kudanganya mbele ya wakwe?"

Nililia palepale, mzigo mikononi, siwezi hata kujipangusa, na yeye akanipangusa kwa ukingo wa koti lake. Kisha akaniambia niondoke nilipeleke nyumbani, kazi itaningoja, nami nikalibeba tena kurudi Bellevue.